Spika Amekata Kabla ya Kupima

Orodha mliisikia: koti, ukosi, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare ya kazi. Ndivyo Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alivyolieleza vazi la mbunge mwanamume tarehe 28 Novemba 2023, na kwa kauli hiyo hiyo akaifungia mlango Kaunda suti pamoja na mavazi ya kitamaduni. Siasa za uamuzi ule tuwaachie wenyewe. Kwa kipimo cha cherehani, ni uamuzi mbovu. Vitu vilivyotajwa ni saba, na Kaunda suti inaifanya kazi yao kwa vipande viwili na jozi ya viatu. Mtu anayetaka kabati dogo, nguo chache zinazomtoa kwenye matanga kijijini hadi kwenye kikao cha kamati jijini bila kubadilisha, ni nadra kupata mshono unaomfaa kuliko huu. Bunge limetazama vazi lenye akili kuliko yote yaliyowahi kuingia ukumbini mle, likaliita fasheni inayozuka. Fasheni gani inayozuka ilhali Kenneth Kaunda wa Zambia aliivaa tangu enzi za uhuru?

Rudini kwenye maneno matatu ya mwisho ya orodha: sare ya kazi. Hapo ndipo hoja yote inapochanika. Kaunda suti imetokana na koti la safari, na koti la safari limetokana na koti la khaki la jeshi la Waingereza katika makoloni yenye joto. Itazameni mishono: mifuko ya kubandika yenye vifuniko, vifungo vya mbele vinavyoshuka kwa mstari mmoja, ukosi unaolala wazi bila kudai tai, kitambaa kimoja juu na chini. Ni muundo wa sare, uliovuliwa mkanda na nishani. Kwa hiyo Bunge linamkaribisha mzazi aketi mbele, halafu linamtimua mtoto mlangoni. Angesema Spika kwamba mikono mifupi haifai, tungebishana naye kuhusu mikono. Angesema mifuko minne ni mingi, wapo mafundi ambao wangemuunga mkono, maana siku hizi mifuko mingine imebandikwa kama urembo na haiingii hata kalamu. Lakini yeye hakugusa mkato, kitambaa wala urefu. Alilitaja vazi kwa jina na kulihukumu kwa jina. Aliyoyasema kuhusu unadhifu na staha ni sawa.

Sababu ya vazi hili kufaa kabati dogo ni kwamba limebeba maamuzi yote ndani yake. Suti ya tai humdai mvaaji kila asubuhi: shati lipi, tai ipi, je, rangi zinapatana? Kila jibu linahitaji nguo nyingine kabatini, na ndiyo maana kabati la suti halishibi. Kaunda suti humaliza mjadala siku ile fundi anapochukua vipimo. Ikishonwa kwa pamba nzito au kwa mchanganyiko wa sufu nyepesi, bila bitana nzima, hupitisha hewa Mombasa na hukubali pasi ya mkaa Kitui. Mabega hayahitaji pedi. Suruali yake huvaliwa siku nyingine na shati jeupe, na hakuna atakayejua kwamba ina mwenzake nyumbani.

Kaunda mwenyewe ndiye mwalimu wa somo hili, na hajapata mrithi. Aliiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, akafariki Juni 2021 akiwa na miaka 97, na sura yake imebaki ile ile: mkato mmoja, na kitambaa cheupe mkononi. Kile kitambaa ndicho kilichokuwa mtindo wake binafsi, kitu kimoja kidogo kilichotosha kumtofautisha na kila aliyeshonewa suti ya aina ile. Mwalimu Nyerere alifanya vivyo hivyo kwa suti zake za kola fupi, kofia na fimbo. Sasa mlinganisheni Kaunda na aliyempokea kiti. Frederick Chiluba alirudisha suti za kifahari, na mwaka 2007 jaji wa Mahakama Kuu ya London, katika kesi ya madai, alitaja nguo za zaidi ya dola 500,000 kutoka duka moja la Geneva. Mahakama ya Lusaka ilimwachia huru katika kesi ya jinai mwaka 2009, na hilo liheshimiwe. Lakini kwa mizani ya mitindo, kabati lote lile halikuzaa vazi hata moja linaloitwa kwa jina lake.

Watetezi wa Spika wana hoja mbili za kujibiwa. Ya kwanza ni nzuri: koti la suti huachana na suruali yake likavaliwa na nyingine, wakati koti la Kaunda suti likivaliwa na suruali ngeni huonekana limepotea njia. Kweli. Nairobi ya Julai nayo huwadai watu joto ambalo mikono mifupi haina. Lakini dawa ya baridi ni mikono mirefu, na Kaunda suti za mikono mirefu zipo. Ya pili ni kwamba Bunge likilegeza kamba moja, kesho watu wataingia na kandambili. Hoja hii imeshajibiwa jirani. Kanuni za Bunge la Tanzania zinaruhusu suti ya safari ya rangi moja isiyo na nakshi, ya mikono mirefu au mifupi, na zinaruhusu pia vazi la mwambao: kanzu, koti na kofia. Dodoma nako si peponi, kwa kuwa Juni 2021 mbunge mwanamke alitolewa nje kwa ajili ya suruali. Hata hivyo kanuni ile inaonyesha namna ya kupima: inasema rangi, inasema nakshi, inasema mikono. Kosa la Nairobi ni ndugu wa kosa la Mobutu wa Zaire, aliyeipiga marufuku tai na kuwavika wananchi abacost, suti isiyo na tai, kuanzia miaka ya 1970 mpaka alipolegeza mwaka 1990. Mmoja aliikataza tai, mwingine ameilazimisha, na wote wawili wameingia kabatini mwa watu bila kubisha hodi.

Rais William Ruto, aliyelifufua vazi hili, naye ana sehemu yake katika fujo. Mkato wake mara nyingi ni safi. Rangi ndizo zimezidi. Nguvu ya vazi hili ni kurudiwa, na mtu akilibadilisha rangi kila jukwaa anapoteza kile kilichomfanya Kaunda akumbukwe. Wafuasi wake wakaiga wingi wa rangi wakaacha nidhamu ya mkato, na pengine ndicho kilichomkera Spika. Haya ni matokeo yale yale ya msako wa vazi la taifa mwaka 2004: rangi tele na maonyesho, kisha nani analivaa leo? Nchi iliyoshindwa kulipata vazi kwa kamati ilipata moja linalovaliwa kwa hiari, nayo ikalitupa nje.

Kamati inayoshughulikia kanuni za Bunge ina kazi ya aya moja tu: Kaunda suti ya rangi moja, isiyo na nakshi, mikono mirefu au mifupi, iruhusiwe. Maneno ya kuazima yapo Dodoma, na yameandikwa kwa Kiswahili. Mheshimiwa Spika, ifute amri hii.