Binti wa Mtemi na Binti wa Sultani: Posa, Utoro na Mali katika Matini za Njia ya Misafara ya Tabora

1.0 Utangulizi

Katika riwaya pendwa za kihistoria za Kiingereza, hususani zinazofuata mkondo wa Georgette Heyer, utoro wa wapenzi ni tukio lenye mvuto mkubwa. Binti wa kabaila hukimbizwa usiku kwa gari la farasi hadi Gretna Green, Uskoti, ambako Sheria ya Ndoa ya 1753, iliyoimarisha mamlaka ya wazazi juu ya ndoa za walio chini ya miaka 21, haikutumika. Msomaji huachwa aamini kwamba penzi limeishinda sheria. Hata hivyo, anayekimbiwa ni walii, na kinachogombewa ni urithi.

Baadhi ya wasomaji hulinganisha riwaya hizo na matini zetu za karne ya 19, kisha wakahitimisha kuwa wazee wetu walijua mahari bila kujua mapenzi. Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Hoja yake ni kwamba ukimya wa matini hizi kuhusu mapenzi unatokana na nani aliyeshika kalamu, na mali ya nani iliyokuwa hatarini.

2.0 Karunde: Posa bila Sauti

Katika tawasifu yake, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, anaeleza kuwa baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Ndoa hiyo inasimuliwa kwa kipimo cha faida yake: ilimpa mfanyabiashara wa pwani hadhi na mamlaka Tabora, mahali palipogawanyika njia za kwenda Ujiji, Karagwe na kusini. Baada ya kifo cha Fundikira, ugomvi wa Mnywa Sele na Mkasiwa juu ya utemi ulidhihirisha jinsi wafanyabiashara wa pwani walivyokuwa wamejikita katika siasa za Unyanyembe.

Karunde mwenyewe hasemi neno. Hatujui alipoposwa alijibu nini. Ukimya huo hautoshi kuthibitisha kwamba alikubali kwa moyo, wala kwamba alilazimishwa. Unathibitisha tu kwamba msimulizi, mwana wa kambo na mfanyabiashara, hakuona haja ya kumuuliza.

3.0 Salme: Utoro bila Simulizi ya Penzi

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, ni kinyume cha Karunde kwa kuwa kalamu aliishika mwenyewe. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Uingereza hadi Aden, ambako mwaka uliofuata alibatizwa na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886.

Msomaji wa riwaya pendwa angetarajia sura nzima ya uchumba. Salme anaupitia kwa kurasa chache, na ujauzito aliokuwa nao alipoondoka hautaji. Anachokieleza kwa kirefu ni nyumba ya babaye, elimu, chakula na adabu. Kwake, utoro haukuwa mwisho wa furaha: mumewe alifariki mwaka 1870, naye akabaki ugenini na watoto. Mwaka 1885 alirudi Unguja akifuatana na manowari za Ujerumani, wakati dola hiyo ikimshinikiza Sultani Barghash kuhusu himaya ya bara. Hivyo dai la urithi la mwanamke mmoja liliingizwa katika mvutano ambao hatimaye uliiweka njia ya Tabora mikononi mwa Wajerumani.

4.0 Amina: Utoro Usiowezekana

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, inayaunganisha mambo haya. Yusuf ni rehani ya deni la baba yake. Amina, anayempenda, ameolewa na tajiri yuleyule kwa njia ya deni. Wazo la kuondoka pamoja linamjia Yusuf, lakini hakuna Gretna Green pwani wala bara. Misafara inayoelekea bara ni ya tajiri huyo huyo. Mwishoni Yusuf anakimbia peke yake, akiufuata msafara wa askari wa Kijerumani.

5.0 Hitimisho

Matini hizi tatu zinaonesha kwamba mapenzi yalikuwepo, lakini nafasi ya kuyasimulia ilifuata mgawanyo wa mali na kalamu. Mhakiki anayepima fasihi yetu kwa kigezo cha gari la farasi atamhukumu Karunde kwa kosa la msimulizi wake. Inapendekezwa kwamba watafiti wageukie nyimbo za harusi na masimulizi ya Kinyamwezi yanayohifadhiwa na wanawake wa Tabora, kabla hawajatamka kuwa binti wa mtemi hakuwa na la kusema.