Wanne Mara Mbili, au Wanane? Uhakiki wa Muungano wa Vikundi vya Nyuzi

Katika muziki wa Ulaya upigwao na watu wachache, ambamo kila mpigaji hushika sauti yake peke yake pasipo kiongozi wa kuwaelekeza, kikundi cha kawaida cha nyuzi ni cha watu wanne: fidla mbili, viola moja na selo moja. Vikundi viwili vya namna hiyo viunganapo, ni rahisi kwa mhakiki kudhani kuwa kilichoongezeka ni mvumo tu. Dhana hiyo haitoshi, kwani muungano si wa aina moja.

Louis Spohr, Mjerumani, alitunga kazi nne za vikundi viwili kati ya 1823 na 1847. Humo kila kikundi hubaki na nafsi yake: kimoja husema, cha pili hujibu, kisha hukutana. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hatashindwa kuutambua mpango huo, maana ndio wa malumbano: bahari ni moja, pande ni mbili.

Felix Mendelssohn alifuata njia nyingine. Utungo wake wa ala nane, alioumaliza mwaka 1825 akiwa na umri wa miaka 16, hauna pande. Mtunzi mwenyewe aliagiza upigwe kwa namna ya okestra ya simfoni. Sehemu ya mwisho huanzishwa na selo ya pili, ala ya chini kabisa. Wazo lile lile hupokewa na kupanda, sauti baada ya sauti, hadi kwenye fidla. Hata hivyo usawa huo haukukamilika. Kazi hiyo ilikuwa zawadi kwa mpiga fidla Eduard Rietz, na fidla ya kwanza imepewa fahari ipitayo wenzake.

Darius Milhaud, Mfaransa, alikwenda mbali zaidi. Tungo zake za 14 na 15 za watu wanne, za miaka ya 1948 na 1949, zaweza kupigwa kila moja peke yake, au zote mbili kwa wakati mmoja.

Hivyo basi, kipimo cha uhakiki hakina budi kutoka katika kazi yenyewe. Katika Spohr, msikilizaji asipoweza kuzipambanua pande mbili, wapigaji wameshindwa, hata kama mlio wao ni mtamu. Katika Mendelssohn, akiweza kusema nani ametoka kikundi gani, wameshindwa vile vile. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa vikundi vilivyokaa pamoja miaka mingi: aliyezoea kuwa fidla ya kwanza kwake hana budi kukubali kuwa ya tatu. Mhakiki asifuye wingi wa sauti bila kulitazama jambo hilo amehesabu ala. Muziki bado hajauhakiki.