Black Sabbath na Kivuli cha Ujana Wao

Msanii aliyepata sifa ujanani hukabiliwa na mitihani miwili uzeeni: kushindana na vijana, na kushindana na nafsi yake. Wa pili ndio mgumu. Santuri iitwayo 13, iliyotolewa mwaka 2013 na kundi la Black Sabbath la mji wa Birmingham, Uingereza, yastahili kupimwa kwa mtihani huo.

Santuri ya kwanza ya kundi hili ilitoka mwaka 1970, ikawa miongoni mwa misingi ya muziki wa kishindo uitwao hevi metali. Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, hakuwa ametoa nao santuri ya nyimbo mpya ya studio tangu mwaka 1978. Msimamizi wa kazi, Rick Rubin, aliwataka wairejee roho ya santuri ile ya kwanza. Shauri hilo lilikuwa na faida, na lilikuwa na hasara.

Hasara yaonekana mapema. Wimbo wa kwanza, "End of the Beginning", huanza polepole kisha hukaza mwendo, kwa mpango ulio karibu mno na ule wa wimbo uliofungua santuri ya 1970. "Zeitgeist" nao, kwa utulivu wake, wafuata nyayo za "Planet Caravan" ya mwaka huohuo. Kujifananisha si kujiendeleza. Zaidi ya hayo, Bill Ward, mpiga ngoma wao wa asili, hakushiriki kwa sababu ya kutoafikiana juu ya mkataba. Brad Wilk aliyeshika nafasi yake hupiga kwa nguvu na usahihi, walakini mdundo wa Ward, uliokuwa ukiyumba kijazi, haupo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Faida ni kubwa zaidi. Tony Iommi, mpiga gitaa, aliambiwa mwanzoni mwa mwaka 2012 kuwa ana saratani ya limfu, na kazi ikaendelea huku akitibiwa. Katika "Damaged Soul", bluzi nzito yenye kinanda cha mdomo, gitaa lake halijidai ujana. Upole wa mwendo hapo si pambo. Ni hatua za mtu ajuaye uzito wa kila hatua.

Mwisho wa "Dear Father", wimbo wa nane, husikika mvua, radi na kengele, sauti zilezile zilizofungua santuri ya 1970. Hapa kurudia kumepata maana mpya: kengele iliyobisha hodi sasa yaaga. Osbourne alifariki Julai 2025, na 13 ikabaki kuwa santuri ya mwisho ya studio ya kundi hilo.

Kwa hiyo hukumu ni hii: pale wazee hawa walipouiga ujana wao, walitoa nakala; pale walipouacha umri useme, walitoa kazi.