Picha za Jaji Sotomayor

Hukumu ya Kennedy dhidi ya Wilaya ya Shule ya Bremerton, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 27, 2022, nimeisoma kama ninavyosoma simulizi yoyote ya kweli: nani anasimulia, na ameanzia wapi. Jaji Neil Gorsuch, aliyewaandikia majaji sita walioshinda, ni msimulizi hodari. Kwake, kocha wa shule ya umma anapiga magoti katikati ya uwanja baada ya mechi, anasali kimya kwa muda mfupi, na kwa hilo anapoteza kazi. Nani asimwonee huruma?

Lakini Gorsuch anahesabu mechi tatu tu za Oktoba 2015. Jaji Sonia Sotomayor, akiwaandikia watatu waliopinga, anarudi nyuma miaka kadhaa, kwenye sala za pamoja na wachezaji na mawaidha ya dini. Kisha anafanya jambo lisilo la kawaida katika maandishi ya majaji: anaweka picha. Katika mojawapo kocha amesimama, ameinua kofia za mchezo, na vijana wamepiga magoti kumzunguka. Ukishaiona, lile neno "kimya" halikutoshi tena.

Ni kweli, kama Gorsuch anavyosema, kocha aliacha mawaidha alipokatazwa. Ila uzito wa kocha hauondoki kwa barua ya ofisi. Mzazi mmoja alieleza kwamba mwanawe, asiyeamini Mungu, alijiunga na sala akihofia kupunguziwa nafasi ya kucheza. Majaji sita hawakuona ushahidi wa kulazimishwa katika sala zile tatu. Sijui kama walipata kukaa benchi wakisubiri kikosi kitajwe. Pale hakuna anayengoja kuamriwa.

Hukumu hiyo pia iliweka kando kipimo cha mwaka 1971 cha kutenganisha dini na serikali, ikasema majaji waangalie historia na desturi. Hapa ndipo ninapoiona dhaifu zaidi. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yalipitishwa mwaka 1791, wakati hapakuwa na shule za umma kama za leo, sembuse makocha wanaolipwa na serikali. Historia hiyo itamwambia nini kijana wa Bremerton?

Kennedy alirudishwa kazini, akafundisha mechi moja Septemba 2023, akajiuzulu.