Mtafiti na Nyanya Yake

Msomaji wa tasnifu za shahada ya kwanza zihusuzo fasihi simulizi hukutana mara kwa mara na mtu aitwaye "mtafiti". Mtu huyo hufika kijijini, hujitambulisha, huhoji, kisha huondoka. Hakuna mahali panaposemwa kwamba "mtambaji wa kwanza, mwanamke mzee" ndiye nyanya yake aliyemlea, wala kwamba nyimbo zile alizisikia tangu angali akibebwa mgongoni. Ukimya huo huhesabiwa kuwa ndio usayansi.

Lakini nyanya na mjukuu wana utani wao. Wimbo ambao mama hathubutu kuuimba mbele ya mwanawe, nyanya huweza kumwimbia mjukuu huku akicheka. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa kike wa Mombasa aingiaye katika vugo huandika alichokiona. Mwenzake wa kiume huandika alichosimuliwa, kwani vugo ni ngoma ya wanawake. Tasnifu zao zaweza kuwa na nyimbo zile zile, ila si ushahidi wa aina moja, na msomaji asiyeambiwa nani alisimama wapi hana njia ya kuupima. Uenyeji nao una upofu wake: wimbo uitiao aibu jamaa ya mwandishi hudondoka njiani, na hakuna ajuaye kuwa ulikuwapo.

Zora Neale Hurston, Mmarekani Mweusi aliyekulia Eatonville, Florida, aliyapitia haya. Mwaka 1927, angali mwanafunzi wa Chuo cha Barnard, New York, mwalimu wake Franz Boas alimtuma kusini kukusanya ngano za watu wake. Alishindwa. Katika tawasifu yake ya mwaka 1942 alikiri kwamba aliwaendea watu kwa lafudhi ya Barnard, nao wakamjibu kwa adabu kuwa mambo hayo hawayajui, labda aulize kwingine.

Mwaka huo huo wa 1927, Journal of Negro History lilichapisha makala yake kuhusu Cudjo Lewis, mzee aliyetekwa Afrika Magharibi na kuvushwa hadi Alabama kwa merikebu Clotilda mwaka 1860. Mwaka 1972 iligunduliwa kuwa sehemu kubwa ya makala hayo ilinakiliwa kutoka kitabu cha Emma Langdon Roche cha mwaka 1914. Wizi ule hauna udhuru. Hata hivyo, yafaa kutazama kilichofuata. Hurston alimrudia mzee yule, na muswada uliotokana na ziara hizo, ambao haukuchapishwa hadi mwaka 2018 kwa jina la Barracoon, ni kazi nyingine kabisa. Humo mwandishi huja na kikapu cha matunda. Humwita mzee kwa jina alilopewa kwao, Kossula, naye akatokwa na machozi ya furaha. Siku nyingine mzee hukataa kusema, na mgeni hana budi kwenda zake. Msomaji huona maneno yalivyopatikana, na kwa gharama gani.

Kurasa 20 za kumbukumbu za utotoni si utafiti, na wako wanafunzi wadhanio hivyo. Lakini lawama ya kwanza ni ya wasimamizi. Mara nyingi mwanafunzi huandika kweli katika rasimu yake; ni kalamu nyekundu ya msimamizi inayofuta "nyanya yangu" na kuandika juu yake "mhojiwa".