Nani Anasema "Nitaolewa Nikipenda"?

Mtaani Umoja, mgeni mwenye gari akiingia kwenu, majirani washaanza kuhesabu harusi. Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulioigizwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, unachekesha kwa matumaini hayohayo. Kĩgũũnda na mkewe Wangeci wanangoja wageni, wakidhani tajiri Kioi anakuja kumposea mwanawe binti yao Gathoni. Kumbe jamaa amekuja kuwahimiza wao wenyewe wafunge ndoa ya kanisani! Nilicheka, halafu kicheko kikanikwama: ili wapate pesa za harusi, wanaweka rehani ekari yao moja na nusu, na inaenda. Naye John, mtoto wa tajiri, anampa Gathoni mimba kisha anamruka.

Serikali iliusimamisha mwaka huohuo. Mimi nina neno lingine nao. Maneno hayo matamu ya jina hayatoki kwa Gathoni. Ni wimbo wa mlevi anayepita njiani. Mwishoni wazee wanaimba ukombozi, yeye yuko baa akihudumia walevi. Mchezo unapigania shamba la baba, sawa kabisa. Lakini dame mwenyewe alitaka nini? Hakuna aliyemuuliza.