Girish Karnad na Istilahi za Jukwaani

Girish Karnad, mwandishi wa tamthilia, mwigizaji, mwongozaji wa filamu na mwalimu wa sanaa hizo, alifariki dunia mjini Bengaluru, India, tarehe 10 Juni 2019, akiwa na umri wa miaka 81. Tunamkumbuka katika kurasa hizi kwa kuwa maisha yake yanahusu lugha, na kwa kuwa anayejaribu kuyaeleza kwa Kiswahili hukumbana mara moja na uzembe uliomo katika istilahi zetu za maonyesho.

Tuanze na uzembe huo. Karnad aliongoza filamu ya Kaadu (1973) na ya Utsav (1984). Kadhalika, mnamo 1974 na 1975 alikuwa mkuu wa Taasisi ya Filamu na Televisheni ya India, iliyoko Pune. Kiingereza kina neno moja kwa kazi zote mbili, na wafasiri wetu aghalabu huandika "mkurugenzi" bila kujiuliza ni wa nini. Mkurugenzi ana ofisi, fedha na watumishi. Mwongozaji ana waigizaji na kamera. Neno "mtengenezaji" limelegea zaidi. Katika Samskara (1970), filamu iliyotokana na riwaya ya U. R. Ananthamurthy, Karnad aliigiza mhusika mkuu na kuandika mswada; mwongozaji alikuwa Pattabhi Rama Reddy. Ukisema tu kwamba Karnad "alitengeneza" Samskara, umemnyang'anya Reddy kazi yake, wala msomaji hana njia ya kujua.

Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kikonkani. Alisoma Oxford, na kuanzia 1963 hadi 1970 alifanya kazi Madras katika shirika la uchapishaji la chuo hicho. Hata hivyo tamthilia zake, tangu Yayati (1961), aliziandika kwa Kikannada, kisha nyingi akazitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Ebrahim Hussein naye alifanya hivyo kwa Kinjeketile. Mwandishi anayejitafsiri ana ruhusa ambayo mtafsiri mwingine hana: akiona neno halivuki, hubadili sentensi nzima. Mtafsiri wa Kiswahili atakayepitia Kiingereza chake na ajue kwamba anasoma kazi iliyokwisha kurekebishwa.

Tughlaq (1964) isingetusumbua sana. Inahusu Sultani Muhammad bin Tughlaq, aliyehamisha makao makuu kutoka Delhi hadi Daulatabad, akaamuru sarafu za shaba zipokewe kwa thamani ya fedha. Raia wakazifua majumbani mwao. (Sisi tunaotangaza istilahi kwa orodha tungeisoma tamthilia hiyo kwa makini.) Sultani huyo ndiye aliyemfanya Ibn Battuta kadhi wa Delhi, miaka michache baada ya msafiri huyo kutua Kilwa mwaka 1331. Maneno ya baraza lile tunayo tayari: sultani, waziri, kadhi, hazina, dola. Hapana haja ya kuunda hata moja.

Ugumu umo katika Hayavadana, tamthilia ya mapema miaka ya 1970. Marafiki wawili, Devadatta na Kapila, wanakufa kwa kujikata vichwa. Padmini, mke wa Devadatta, anaambiwa na mungu wa kike avirudishe, naye anavibadilisha. Jukwaani badiliko hilo huonyeshwa kwa waigizaji kupeana nyuso za bandia. Tuziiteje? "Kinyago" hutupeleka kwanza kwenye mpingo uliochongwa, na pia kwenye kitu cha kutisha watoto. "Barakoa", iliyokuwa vazi la uso la wanawake wa Pwani na Oman, tangu 2020 inanuka hospitali. Pamoja na kasoro zake tunachagua "kinyago", kwa sababu kinyago cha mapiko huvaliwa, huchezwa, na humfanya mvaaji kuwa mwingine. Na hilo ndilo tamthilia inalolihitaji.

Tena yuko Bhagavata, aliyetolewa katika Yakshagana, maonyesho ya jadi ya Karnataka. Huyu huimba, hufungua mchezo kwa kumwomba Ganesha, husema na wahusika na kuwauliza maswali. "Msimulizi" ni mtu wa redio. "Mtambaji" ana heshima yake katika fasihi yetu, lakini hutamba ngano peke yake mbele ya hadhira. Sisi tunapendekeza "manju", kiongozi wa ngoma anayetunga, anayeimba na anayewaamuru wachezaji. Neno hilo linatumika Usukumani leo hii, na yafaa wenye ngoma zao waulizwe kabla kamati yoyote haijalipitisha.